Namna ya Kusoma Biblia Bila Kujeruhiwa

Biblia ni kitabu cha hatari. Ndani yake mna vitabu 66, 73 kwa ndugu zetu Wakatoliki, na ni vichache mno ambavyo hamna mtu anayefumaniwa. Wafalme wanafumaniwa, makuhani wanafumaniwa, mitume wanafumaniwa. Hata nabii anakutwa amejilaza chini kabisa ya merikebu, usingizi mzito umemchukua, wakati tufani aliyoisababisha yeye inawahangaisha mabaharia huko juu. Mtu akikisoma kwa pupa, sura baada ya sura, anaweza kujikuta naye kafumaniwa, tena Jumapili asubuhi, akiwa ndani ya suti.

Mwongozo huu umeandaliwa ili kukukinga. Mbinu zake hakuzibuni mwandishi. Zinatumika kila siku mimbarini, kwenye stetasi za WhatsApp, kwenye vioo vya nyuma vya daladala na matatu, katika kumbi za harusi na kwenye majukwaa ya kampeni, na hajasikika aliyezitumia akalalamika. Ukizishika vizuri utaishi na hadithi za Biblia miaka mingi, utazitaja msibani na kikaoni, na zote zitakusifu.

Mahitaji

Biblia moja. Ya kwenye simu ndiyo bora, maana huleta mstari unaoutaka na kuificha mingine. Ile nene ya Union Version, yenye jalada jeusi na zipu, ibebe kwapani ili uonekane, lakini usiifungue ovyo. Ina tabia ya kuonyesha mstari uliotangulia na unaofuata kwa wakati mmoja.

Kalamu ya rangi ya njano, ya kupaka kila penye neno "baraka".

Adui mmoja. Si lazima awe adui wa kweli. Wifi, mwenye nyumba, au shangazi aliyeko kijijini anatosha.

Hatua ya 1: Jipe nafasi kabla hujasoma

Kanuni kuu ya usomaji salama ni hii: katika kila hadithi, wewe ndiye unayeshinda mwishoni. Ikisomwa habari ya Daudi na Goliathi, wewe ni Daudi. Goliathi ni mkuu wa kitengo aliyekunyima safari yenye posho. Mtihani wa hesabu ni Goliathi. Mkopo wa kikundi ni Goliathi, ingawa fedha uliziomba mwenyewe na ukazila mwenyewe.

Usiwaangalie watu wengine waliomo katika 1 Samweli 17. Ukiwaangalia utagundua kwamba Daudi alikuwa mmoja tu, na alifika pale kwa sababu baba yake alimtuma awapelekee kaka zake chakula. Upande wake lilikuwapo jeshi zima ambalo kwa siku 40 lilijipanga, likasikia matusi, likaogopa. Alikuwapo mfalme mwenye dirii na kofia ya shaba, akajaribu kumvika kijana wa watu badala ya kuingia vitani mwenyewe. Alikuwapo Eliabu, kaka mkubwa, ambaye hasira zake hakuzipeleka kwa lile jitu bali kwa mdogo wake. Mtu mwepesi wa hesabu atajiuliza: kati ya wote waliosimama katika bonde la Ela siku ile, mimi ningekuwa yupi? Usiwe mwepesi wa hesabu.

Kwa Yusufu kanuni ni ileile. Wewe ndiye mwotaji, na ndugu zako ndio waliokutupa shimoni kwa wivu. Ndiyo maana familia ya watoto kumi na wawili huwa na akina Yusufu kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuza mtu. Ukifika Mwanzo 45, Yusufu anapojitambulisha kwa ndugu zake na kuangua kilio, funga kitabu, futa machozi, andika stetasi kuhusu wanaokuchukia.

Sura ya 47 haikuhusu. Humo Yusufu, sasa mkubwa serikalini, anawauzia Wamisri wenye njaa nafaka iliyokusanywa kutoka mashamba ya nchi yao wenyewe. Kwanza anachukua fedha zao, kisha mifugo yao, kisha ardhi yao, na mwisho wao wenyewe wanakuwa watumwa wa Farao, wakidaiwa sehemu ya tano ya kila mavuno. Ardhi ya makuhani peke yake haikuguswa. Yusufu aliyenunuliwa akaishia kulinunua taifa zima. Habari ya namna hiyo haifai kwa kipindi cha asubuhi cha redio.

Hatua ya 2: Kata mstari kwa ustadi

Mstari ukatwe kama mwenye bucha anavyomkatia mteja wa heshima: mnofu kwenye mzani, mfupa chini ya meza.

Mfano bora ni Yeremia 29:11, ule wa Mungu kukuwazia mema na kesho yako kuwa na tumaini. Utaukuta kwenye kadi za mahafali, kalenda, fulana za kwaya na ukuta wa saluni. Ukikatwa vizuri unasema kwamba mwaka huu hauishi kabla hujapata gari.

Mfupa wake uko mstari wa 10: ahadi ile ni ya baada ya miaka 70. Yeremia alikuwa akiwaandikia barua watu waliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu hadi Babeli, na wengi wao wangezikwa hukohuko. Aliwashauri wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji wa watu waliowateka. Kibaya zaidi ni sura iliyotangulia. Humo yumo nabii mwingine, Hanania, aliyesimama hekaluni akatabiri kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi mahali pake. Laiti kungekuwa na mkesha wa mwaka mpya, Hanania ndiye angejaza uwanja. Yeremia alimwambia wazi kwamba anawategemeza watu kwenye uongo, na mwaka uleule Hanania akafa. Kwa hiyo Desemba 31, saa sita usiku, mtumishi akitangaza kwamba mwaka unaoingia ni wako wa kupokea, itikia "Amina!" na usijisumbue kukumbuka ni yupi kati ya wale wawili aliyekuwa na lugha hiyo.

Wafilipi 4:13, ule wa kuyaweza mambo yote kwa kutiwa nguvu, umetengwa kwa mitihani na mechi. Usifunue mstari wa 12. Humo Paulo, akiwa kifungoni, anaeleza kwamba amejifunza kushiba na amejifunza kuona njaa, na nguvu anayoizungumzia ni ya kuyabeba yote mawili. Hakuna mchezaji anayeandika kwenye fulana ya ndani kwamba ametiwa nguvu ya kufungwa mabao matano na kurudi nyumbani ametulia.

Hatua ya 3: Chagua dhambi isiyo yako

Muulize mtu yeyote kosa la Yezebeli lilikuwa nini. Utaambiwa ni wanja, rangi ya mdomo, wigi na kucha za bandia. Roho ya Yezebeli hukemewa usiku kucha, na wanaoangaliwa wakati wa kukemea huwa ni mabinti wa kwaya ya vijana.

Habari yenyewe, 1 Wafalme 21, ni kesi ya ardhi. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, lililopakana na jumba lake kule Yezreeli, alifanye bustani ya mboga. Nabothi akakataa, kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Mfalme akajitupa kitandani, akageuza uso, akasusa chakula. Mkewe, Yezebeli, akashika kalamu. Akaandika barua kwa jina la mfalme, akazigonga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakubwa wa mji: watangaze siku ya kufunga, wamweke Nabothi mbele ya watu, watafute mashahidi wawili wa uongo. Wazee wakatekeleza. Nabothi akapigwa mawe, na mfalme akashuka kwenda kulimiliki shamba. Wanja hautajwi kabisa. Utakuja kutokea katika kitabu kinachofuata, siku anayokufa Yezebeli.

Ona sasa hasara ya kusoma hivi. Barua ya kughushi, muhuri wa ofisi, wazee wanaotii bila kuuliza, mashahidi wa kupangwa, na mfungo wa kufungulia shughuli: katika nchi zetu, ambako kiwanja kimoja huweza kuzaa hati mbili zenye majina tofauti, baadhi ya waliokaa viti vya mbele wangeanza kukohoa. Shikilia wanja. Wanja hauna mwanasheria.

Hatua ya 4: Harusini, usiulize aliyeambiwa ni nani

Kiapo cha Ruthu, cha kwenda kokote mwenzake aendako na kuzikwa atakapozikwa, kinapendeza sana kikisomwa na bibi harusi mbele ya keki. Usimwambie kwamba Ruthu hakuwa akimwambia mume. Alikuwa njiani kutoka Moabu, mjane, akimwambia mama mkwe wake Naomi, mjane mwenzake. Kwa haki kabisa, kiapo kile kikimalizika kusomwa, mama mzazi wa bwana harusi anaweza kusimama akauliza anahamia lini.

Na mabinti wanaofundishwa kwenye makongamano kukaa kwa utulivu wakimngoja Boazi wao, kama yule aliyemwoa Ruthu, wasisomewe sura ya 3. Ruthu, baada ya kushinda juani msimu mzima akiokota masazo, anaoga, anajipaka mafuta, anakwenda usiku hadi kwenye uwanja wa kupuria nafaka, tena kwa mpango wa mama mkwe, na kulala miguuni pa Boazi. Boazi alikuwa amesinzia baada ya kula na kunywa. Ruthu angekaa kumngoja, angekuwa anangoja mpaka leo.

Hatua ya 5: Wakati wa sadaka, soma kwa kasi

Habari ya mjane na senti zake mbili ianzie Marko 12:41, wala usirudi nyuma hata mstari mmoja. Katika mstari wa 40 Yesu ametoka kuwasema viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mistari michache baada ya mjane kutoa, anasema kuhusu jengo hilohilo la hekalu kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Mjane ametoa riziki yake yote katikati ya maneno hayo mawili. Msomaji akiyaona yote matatu kwa pamoja, anaweza kushikwa na shaka: Yesu alikuwa anausifu tu moyo wa yule mama, au alikuwa pia anawaonyesha wanafunzi nyumba ya mjane inavyoliwa? Shaka hiyo haipandishi paa la kanisa.

Malaki 3:10, mstari wa fungu la kumi, usomwe kwa mama ntilie na kwa mwendesha bodaboda. Malaki 3:5, unaotangaza hukumu juu ya wanaowaonea vibarua katika ujira wao, uachwe upumzike, hasa kama mhasibu wa kanisa ana dada wa kazi asiyelipwa tangu Pasaka. Na sura mbili za kwanza, ambazo sehemu kubwa yake ni makaripio kwa makuhani, huo ni mfupa. Rejea hatua ya 2.

Kwa wenye biashara ya maji na mafuta ya upako, hadithi ya kuiepuka ni ya Naamani, 2 Wafalme 5. Jemadari tajiri mwenye ukoma anafika na shehena ya fedha, dhahabu na mavazi. Elisha hata nje hatoki. Anamtuma mtu amwambie akajichovye mto Yordani mara saba, na baada ya kupona anakataa zawadi zote. Mtumishi wake Gehazi ndiye anayelikimbilia gari la mgeni, anadanganya, anapokea talanta mbili za fedha na nguo, na ukoma wa Naamani unahamia kwake. Mjini Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Naamani alielekezwa mtoni, mahali palipo wazi kwa kila mtu, na hakulipa chochote. Hapa mzaha wa mwongozo huu unakosa pa kushika.

Hatua ya 6: Kwa wasomi

Msomi hawezi kujiita Daudi hadharani, wenzake watamcheka. Kinga yake ni kujua mengi. Kila Krismasi atawakumbusha watu kwamba Mathayo hakutaja idadi ya mamajusi. Pasaka ikifika atasema hakuna Injili inayomwita Maria Magdalena kahaba, na kwamba sifa hiyo ilipata nguvu kwa mahubiri ya Papa Gregori Mkuu mwaka 591. Kuhusu Yeriko atamtaja Kathleen Kenyon, mwanaakiolojia Mwingereza aliyechimba pale kuanzia 1952 hadi 1958, akahitimisha kwamba kuta zilikuwa zimeshaanguka zamani kabla ya wakati anaodhaniwa kufika Yoshua. Yote hayo yana msingi wake. Na kwa msomi wetu yanafanya kazi ileile ambayo stetasi humfanyia binamu yake: kumweka mbali na hadithi.

Zoezi lake zuri ni Yona. Abishane kuhusu samaki. Alikuwa nyangumi au papa? Koo lake lilikuwa na upana gani? Hewa je? Kikao kitaisha bila mtu kufika sura ya 4. Samaki ana mistari michache tu katika kitabu kile. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni habari za mtu aliyekasirika kwa sababu Ninawi, mji wa dola katili lililowaogopesha Waisraeli wenzake, ulitubu ukasamehewa. Yona anaketi nje ya mji akingoja auone mwisho wake, anatamani kufa, anausikitikia mmea uliokauka. Mungu anamuuliza kama haimpasi kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi. Kitabu kinakatikia hapo, kwenye swali, na Yona hajajibu. Kila msomaji ana Ninawi yake: kabila fulani, chama fulani, dini ya mtaa wa pili. Ni heri tuendelee na koo la samaki.

Hatua ya 7: Kwa wanasiasa

Chagua kitabu cha Kutoka. Katika kampeni za Kenya za mwaka 2017, hayati Raila Odinga alikuwa Yoshua, na wafuasi wake walikuwa safarini kwenda Kanaani. Uzuri wa Kanaani ni kwamba haina tarehe ya kufika. Wananchi wakinung'unika, wakumbushe kwamba kunung'unika ndiko kulikowachelewesha Waisraeli. Miaka 40 ya jangwani, kwa hesabu za uchaguzi, ni mihula minane.

Tatizo ni kwamba wananchi nao wanasoma. Mwaka 2023 Wakenya walimbandika Rais William Ruto jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Yeriko, kwa sababu ya kodi. Juni 2024 vijana wakaingia barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, wakimtaka Zakayo ashuke mtini. Juni 25 waliingia mpaka Bungeni, watu wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake rais akasema hatautia saini muswada ule. Wengi waliwaona vijana wale ni watani tu. Lakini hawakujipa cheo cha Daudi wala cha Musa. Walijiweka kwenye ule umati wa Yeriko uliokuwa ukitozwa, na hadithi waliyoichagua ndiyo hasa iliyohusika. Katika Luka 19 Zakayo kweli anaitwa ashuke, na habari haiishii mtini. Akishuka anafungua daftari: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Mwanasiasa mwangalifu abaki na Musa, wala asiruhusu mtu amkumbushe mkuyu.

Tahadhari

Ipo sura moja ambayo mbinu zote saba hazifui dafu mbele yake. Ni 2 Samweli 12, na aliyenaswa humo ni Daudi, yule ambaye kila mtu anataka kuwa yeye. Sasa ni mtu mzima, mfalme, amemchukua mke wa Uria, na Uria mwenyewe amepangiwa mahali pa kufia vitani.

Nabii Nathani hakumjia na lawama. Alimjia na kisa. Tajiri alikuwa na kondoo na ng'ombe wengi mno, na maskini alikuwa na mwanakondoo mmoja aliyemlea pamoja na watoto wake. Tajiri akapata mgeni, akaona uchungu kugusa mifugo yake, akamchukua yule wa maskini. Daudi alifanya kila kitu ambacho mwongozo huu umefundisha. Alijipa nafasi nzuri, ya hakimu. Adui alimpata papo hapo. Dhambi ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Akawaka, akahukumu: mtu huyo anastahili kufa, na alipe mara nne, kiasi kilekile ambacho Zakayo alikuja kukitamka mwenyewe bila kuhukumiwa na mtu. Ndipo Nathani akamwambia mtu huyo ni nani.

Zijue basi dalili za hatari. Ukiwa unasoma, hasira juu ya mtu fulani ikakupanda, jina lake likakujia, na kidole kikaanza kutafuta pa kubonyeza ili usambaze, ujue Nathani anavuta pumzi tu aendelee. Usimwache amalize. Funga Biblia hapohapo, kitume kisa hicho kwenye grupu la familia, na chini yake uandike: "Kuna mtu humu ndani Mungu anasema naye."